Kufundisha Kiingereza nje ya nchi kihalali: mwongozo kamili kwa mwalimu wa Tanga

Huu ni mwaka wa nne walimu wanakuja barazani kwangu hapa Ngamiani na bahasha ya kaki kwapani. Wengi ni vijana waliomaliza chuo, Kiingereza chao kimenyooka, ajira ya serikali haijawaona. "Shikamoo mjomba. Nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand, wananitaka mwezi ujao." Marahaba. Viza ni ya aina gani? Hapo kijana huitazama bahasha yake kana kwamba jibu limo humo.

Kosa ni lilelile. Mtu anaanza na tangazo la kazi, anarukia tiketi, viza inakuja mwisho kama kachumbari pembeni ya sahani. Mwongozo huu umekaa kinyume chake: viza kwanza, kazi baadaye, tiketi mwisho kabisa.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Mara ya kwanza nilipokwenda Thailand, wakala wangu alinipeleka kwa viza ya utalii akaniambia "utabadilisha hukohuko". Nilifundisha wiki tisa. Siku wakaguzi walipoingia shuleni nilifungiwa choo cha walimu, nimesimama juu ya choo cha kukaa, viatu mkononi, ili miguu isionekane chini ya mlango. Nilirudi Tanga bila mshahara wa mwezi wa pili, na sikuwa na pa kushitaki, kwa sababu kisheria sikuwahi kuajiriwa. Mara ya pili nilikwenda na karatasi kamili, nikakaa miaka mitatu.

## Mahitaji: vikusanye kabla hujamwandikia mwajiri yeyote

- Pasipoti. Fomu hujazwa mtandaoni kwenye mfumo wa Uhamiaji, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kwa alama za vidole na mahojiano. Gharama ni shilingi 150,000: elfu ishirini ya fomu na zinazobaki za kitabu. Kama unayo tayari, iwe na uhai wa mwaka mmoja na zaidi.
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA na kitambulisho cha NIDA.
- Vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha shahada na transkripti. Vyeti halisi, si nakala.
- Cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni cha saa 120 au zaidi.
- Matokeo ya mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL. Yanadumu miaka 2 tu, hivyo usiufanye mapema mno.
- Hati ya polisi kwamba huna rekodi ya jinai.
- Kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ukichanja mara moja kadi hiyo ni ya maisha. Anayekwambia uirudie kila baada ya miaka 10 anasoma kanuni ya kabla ya 2016.
- Picha za pasipoti zenye nyuma nyeupe. Za pasipoti yetu hupigwa kwa bluu bahari, na mafundi picha wa mjini wamezoea hiyo. Viza nyingi zinataka nyeupe. Mwambie fundi kabla hajabonyeza.
- Akiba ya miezi mitatu ya kula na kulala, nje ya nauli. Mshahara wa kwanza huchelewa hata kwa mwajiri mwema.

Onyo moja kabla hatujaanza: usivike vyeti vyako plastiki. Najua mama zetu walivipeleka kuvikwa ili visilowe, na waliona wanavitunza. Lakini cheti kilichofungwa plastiki hakigongeki muhuri, na safari nzima ya Hatua ya 4 ni ya kugonga mihuri. Kama chako kimeshavikwa, usikibandue kwa pasi wala kwa wembe. Mwandikie aliyekitoa uulize utaratibu wa kupata kingine au barua ya uthibitisho.

## Hatua ya 1: Jua pasipoti yako inakubalika wapi

Hapa ndipo wengi huanguka bila kujua, kwa hiyo nitakaa.

Nchi nyingi hazipimi Kiingereza chako kwa kukusikiliza. Zinapima kwa pasipoti uliyobeba, au kwa miaka uliyosoma shule inayofundisha kwa Kiingereza. Unaweza kumshinda mzungu kwa sarufi na bado sheria ikampa yeye kibali wewe ikakunyima. Inauma, lakini afadhali uumie ukiwa Chumbageni kuliko ukiwa uwanja wa ndege wa watu.

Korea Kusini. Viza ya mwalimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Sisi hatumo. Wakala anayekuuzia kazi ya Kiingereza Seoul kwa pasipoti ya Tanzania anakuuzia upepo. Funga mlango huo, uendelee.

Japani. Kwa anayetaka kufundisha lugha kwenye shule za msingi na sekondari, sheria inadai awe amesoma kwa lugha hiyo miaka isiyopungua 12. Sasa piga hesabu ya mtoto wa shule ya msingi ya serikali pale Makorora. Darasa la kwanza hadi la saba ni Kiswahili, hayahesabiwi. Kidato cha kwanza hadi cha nne, miaka 4. Cha tano na sita, miaka 2. Shahada, miaka 3. Jumla 9. Umepungukiwa miaka mitatu, hata uwe na daraja la kwanza la chuo. Mwenzako aliyesoma msingi kwenye shule ya Kiingereza ana 16, anapita. Kijana mmoja alinikasirikia nilipomfanyia hesabu hii kwenye karatasi ya daftari. Nilimwelewa. Alikuwa ameshalipia kozi ya Kijapani.

China. Kanuni zao zinadai mwalimu wa lugha ya kigeni afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada kutoka nchi ya lugha hiyo, na uzoefu wa miaka miwili. Uzoefu husamehewa kwa mwenye shahada ya ualimu au ya lugha, au cheti cha kufundisha lugha. Mtanzania mwenye shahada ya hapa nyumbani hukwama kwenye vile vifungu viwili vya mwanzo. Ila viko juu ya walimu wa *lugha*. Kama somo lako ni hisabati, fizikia au baiolojia, na umefundisha miaka miwili baada ya shahada, omba shule ya kimataifa inayofundisha masomo hayo kwa Kiingereza. Huo ni mlango mwingine kabisa, na walimu wetu wa sayansi wanaupita bila kuuona. Halafu jua kwamba tangu Julai 2021 serikali ya China ilibana sana vituo vya masomo ya ziada; matangazo ya zamani yanayosifia vituo hivyo hayana maana tena.

Thailand. Haifungi kwa uraia. Inataka shahada, hati ya polisi, na kwa sisi tusio wa zile nchi saba, matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Viza ni Non-Immigrant B. Mishahara ya wasio wazawa wa lugha huwa chini ya ile ya wazungu kwa kazi ileile, na tangazo lenyewe litakwambia hivyo bila haya. Amua kama unaweza kulivumilia kabla hujaenda.

Oman na Emarati. Hapa mwajiri ndiye anayekuombea kila kitu, na shahada yako lazima iwe imegongwa mihuri yote. Watu wa Tanga tuna ndugu Muscat, na ndugu hao husema "njoo kwa viza ya kutembea, tutaangalia". Mpende ndugu yako, mletee halua, lakini ushauri huo usiufuate.

Jirani zetu. Watu hudharau, sijui kwa nini. Rwanda iliacha Kifaransa na kuanza kufundisha kwa Kiingereza kuanzia 2008. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Julai 2010 na inaruhusu mfanyakazi wa nchi mwanachama kuomba kazi nchi nyingine. Kibali bado unakihitaji kama mkataba unazidi siku 90, na kinaombwa ndani ya siku 15 za kazi tangu kusaini mkataba. Lakini hakuna anayekuuliza kama Kiingereza ulinyonya ziwani. Kwa mwalimu asiyewahi kutoka, ningeanzia hapa.

Dalili kwamba hatua hii imekamilika: una karatasi moja yenye jina la nchi moja au mbili, aina ya viza kwa jina lake halisi, na sharti ambalo wewe bado hujalitimiza. Kama umeandika nchi sita, hujafanya hatua hii.

## Hatua ya 2: Majina yafanane herufi kwa herufi

Tandaza vyeti vyako vyote mkekani, mchana, penye mwanga. Soma jina kwenye kila kimoja kwa kidole.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani. Cha kidato cha nne Athuman, bila i. Chuo kimeandika Othman, kwa sababu karani aliona ndiyo sahihi. NIDA ina majina matatu, shahada ina mawili. Kwetu huyo ni mtu mmoja na mtaa mzima unamjua. Kwa ofisa wa viza hao ni watu watatu, na mmoja wao ameiba shahada.

Panga hivi:

Kwanza, chagua jina ambalo litakuwa la pasipoti. Mara nyingi linalofaa ni la vyeti vya shule na chuo, kwa sababu hivyo ndivyo vigumu kubadilishwa.

Pili, tofauti ndogo ya herufi hutibiwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, ikisema majina haya yote ni ya mtu mmoja. Tofauti kubwa, jina zima kubadilika, inahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Mwulize wakili ipi inakuhusu na umwonyeshe vyeti vyote, usimsimulie kwa mdomo.

Tatu, fanya haya *kabla* ya kuomba pasipoti. Kuomba pasipoti mbili kwa sababu ya herufi i ni gharama ya kijinga, nami nimeilipa.

Angalia na tarehe ya kuzaliwa. Wapo waliopunguziwa miaka na wazazi ili wakubaliwe darasa la kwanza, NIDA ikaandika nyingine.

## Hatua ya 3: Cheti cha ufundishaji na mtihani

Saa 120 ndicho kipimo ambacho shule nyingi na ofisi nyingi za vibali hukitaja. Vyeti ni vya aina mbili kwa ufupi. Kipo CELTA, chenye saa 120 za darasani na saa 6 za kufundisha wanafunzi wa kweli huku mkufunzi akikutazama. Ni ghali na kinaheshimika kila mahali. Zipo na kozi za mtandaoni za bei zote. Kozi ya mtandaoni si ubatili, ila mwulize mwajiri kwa maandishi kama anaikubali kabla hujalipa hata senti.

Cheti kinachokuja ndani ya siku mbili kimeandikwa saa 120, ukikitoa kwenye usaili utaulizwa ulifundisha nani. Utasema nini?

Ukikosa uzoefu, usikae bure. Omba shule binafsi hapa mjini, Pongwe au Muheza, ufundishe mwaka mmoja au miwili, na uhakikishe unaondoka na barua yenye nembo, muhuri, tarehe ya kuanza na kumaliza, somo na saa kwa wiki. Barua isemayo tu "alikuwa mwalimu mzuri" haikusaidii. Wewe mwenyewe andika rasimu umpelekee mkuu wa shule asaini. Wengi watashukuru umewapunguzia kazi.

Mtihani wa IELTS unafanyika Dar es Salaam. Panga siku hiyo iwe pamoja na shughuli za hatua inayofuata, usije ukapanda basi Kange mara nne kwa mambo yaliyowezekana mara mbili.

## Hatua ya 4: Mihuri

Cheti chako cha hapa ni karatasi tu machoni pa serikali ya nje hadi mihuri iseme vinginevyo. Mfuatano wa kawaida ni huu na hauruki:

1. Wakili anathibitisha nakala kwamba inalingana na cheti halisi.
2. Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki inathibitisha.
3. Ubalozi wa nchi unayokwenda unathibitisha kwamba muhuri wa Wizara ni wa kweli.

Sababu ni kwamba kila ngazi inamjua wa chini yake tu. Ubalozi wa Oman haumjui wakili wako wa Barabara ya 12, unaijua Wizara. Ndiyo maana ukianza ubalozini unarudishwa.

China, Oman, Emarati, Saudia na Japani wana balozi Dar es Salaam. Thailand hawana, anayetuhudumia ni ubalozi wao wa Nairobi. Zamani hii ilikuwa safari: unatoka Tanga alfajiri, unavuka Horohoro, unapanda kivuko cha Likoni na watu elfu moja na mbuzi wawili, halafu usiku kucha hadi Nairobi. Tangu Januari 2025 maombi ya viza ya Thailand hujazwa mtandaoni. Mihuri ya vyeti ni jambo jingine, hivyo ulizia ubalozini kwa barua pepe namna ya kuvifikisha kabla hujakata tiketi ya basi.

Hati ya polisi nayo hupita njia hiyohiyo. Iombe mwishoni mwa hatua hii, si mwanzoni, kwa sababu waajiri wengi hawataki iliyozidi miezi sita. Mtu anaiwahi Januari kwa bidii, mkataba unakuja Septemba, hati imechacha.

Mafanikio yanaonekana kwa macho: mgongoni mwa nakala ya shahada yako kuna mihuri mitatu ya rangi tofauti, na tarehe zinapanda kwa mpangilio. Ipige picha pande zote mbili.

## Hatua ya 5: Mwajiri na wakala

Sasa ndiyo utafute kazi. Una karatasi, unajua nchi, unajua jina la viza. Utaongea tofauti, na matapeli watakukimbia wenyewe.

Wakala wa ajira Tanzania lazima awe na leseni ya serikali. Ukitajiwa wakala, ulizia kitengo cha serikali cha huduma za ajira (zamani kikiitwa TaESA) au ofisi ya kazi ya mkoa. Asiyetaka uulize, umeshapata jibu.

Mwulize mwajiri maswali haya kwa barua pepe, na majibu yabaki kwenye maandishi:

- Nitaingia kwa viza ya aina gani, na nani analipia?
- Kibali cha kazi kitaandikwa jina la shule gani, mji gani?
- Ni saa ngapi za darasani kwa wiki, na saa za ofisini ni ngapi?
- Nyumba ni ya shule au ya kwangu?
- Nikiondoka kabla ya mkataba kwisha, nini kinatokea kwa kibali changu?
- Naweza kuzungumza na mwalimu mgeni aliyepo sasa?

Swali la mwisho ndilo linalotenganisha mchele na pumba. Shule halali itakupa namba ya mtu kwa siku moja au mbili. Ile nyingine itakuwa na sababu nzuri sana.

Mkataba ukija kwa lugha mbili, tafuta kifungu kinachosema ipi inatawala. China mara nyingi ni Kichina. Mpe mtu anayekijua akusomee toleo hilo. Wapo Watanzania waliosoma huko, hata hapa Tanga hawakosekani.

Sasa onyo ambalo silifupishi. Kuna matangazo ya kazi Bangkok, ya ualimu wa Kiingereza au huduma kwa wateja, mshahara mnono, tiketi wanakulipia, usaili wa dakika kumi kwa simu. Mtu anapokelewa uwanja wa ndege, anapakiwa gari saa nyingi hadi Mae Sot, anavushwa mto Moei, na anajikuta Myawaddy, Myanmar, ndani ya ukuta wenye walinzi, akilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye makambi hayo, Waafrika wakiwemo. Ukifika Bangkok, shule yako ikiwa Bangkok, hakuna sababu ya kusafiri usiku kwenda mpakani. Tanzania ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008. Ukiona dalili ungali hapa, nenda polisi.

Na pasipoti yako haishikwi na mwajiri "kwa usalama". Anaihitaji kwa siku chache za kuombea kibali, anakupa risiti, anairudisha.

### Kama wewe ni mwalimu wa serikali

Usiondoke kimyakimya wakati wa likizo ya Desemba ukidhani utatuma barua ukishafika. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa la kukufukuzisha kazi, na mtumishi wa umma anahitaji kibali cha kusafiri nje. Omba likizo bila malipo kupitia mwajiri wako, subiri jibu la maandishi. Linachelewa, najua.

## Hatua ya 6: Viza yenyewe, na siku za mwanzo huko

China. Mwajiri anapata kwanza barua ya taarifa ya kibali cha kazi, anakutumia, nawe unaomba viza ya Z Dar es Salaam. Si L ya utalii, si M ya biashara, si F ya ziara. Ukifika, ndani ya saa 24 unajiandikisha polisi kama hulali hotelini, na ndani ya siku 30 unabadilisha Z kuwa kibali cha ukaazi. Z yenyewe ni ufunguo wa mlango tu, si nyumba. Anayekamatwa akifanya kazi bila kibali anatozwa faini kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa mahabusu siku 5 hadi 15 juu ya faini hiyo, kabla ya kurudishwa kwao.

Thailand. Non-Immigrant B inakupa siku 90 za kuanzia. Ndani ya siku hizo shule inashughulikia ruhusa ya kufundisha kutoka Baraza la Walimu, kibali cha kazi, na kuongezwa muda wa kukaa. Kabla ya kusafiri unajaza kadi ya kuingilia mtandaoni, ndani ya siku tatu za mwisho. Kibali cha kazi kinataja mwajiri na mahali. Ukifundisha Jumamosi kituo kingine ambacho hakimo kwenye kibali, Jumamosi hiyo wewe ni haramu. Kufanya kazi bila kibali ni faini ya baht 5,000 hadi 50,000 na kufukuzwa nchini. Kukaa kupita muda ni baht 500 kwa siku, hadi 20,000. Na kila siku 90 unaripoti Uhamiaji unapoishi. Andika tarehe ukutani.

Oman na Emarati. Unaingia kwa viza ya kazi iliyoombwa na mwajiri, unapimwa afya, unapewa kadi ya ukaazi. Kabla kadi haijatoka usikubali kuanza darasa kwa "wiki moja tu ya majaribio".

Kabla ya kupanda ndege, mwachie mtu mmoja wa nyumbani, mwenye kichwa tulivu, nakala ya pasipoti, viza, mkataba, anwani ya shule na namba ya mwalimu mgeni uliyezungumza naye. Si ukoo mzima, mtu mmoja. Na ujue ubalozi wetu uko wapi: Beijing, Tokyo, Seoul, Muscat, Abu Dhabi na Riyadh tunao. Thailand hatuna, inahudumiwa kutoka Kuala Lumpur, kwa hiyo hifadhi namba ya Kuala Lumpur kwenye simu kabla hujahitaji.

Umefaulu pale unapokuwa na kibali rasmi chenye picha yako, jina la shule unayofundisha kweli, na tarehe ya kwisha. Si "inashughulikiwa". Si picha ya simu ya kadi.

## Mlango wa pembeni: Kiswahili

Kwa waliofungiwa kwenye Hatua ya 1. Kule Kiingereza chako kinapohojiwa, Kiswahili chako hakuna wa kukihoji, hasa chetu cha mwambao. Serikali ya Marekani ina mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, FLTA, ambao kwa miaka mingi umechukua Watanzania kufundisha Kiswahili vyuoni kwao. Ni miezi tisa, hadi saa 20 kwa wiki, huku nawe ukisoma kozi. Wanataka shahada, Kiingereza kizuri, na umri wa miaka 21 hadi 29. Maombi hupitia ubalozi wao Dar es Salaam. Viza ni J-1 (kuanzia Januari 2026 Marekani ilisitisha kuwapa Watanzania viza hizi, kwa hiyo ulizia ubalozini kabla hujaanza), na sharti lake ni kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza fulani za kuhamia au kufanya kazi huko. Wapo wanaolichukia sharti hilo. Mimi naona ni bei ya haki.

Nyumbani nako BAKITA huandikisha wataalamu wa Kiswahili kwenye kanzidata yake, na nafasi za nje zikitokea majina hutafutwa humo. Jiandikishe hata kama hujui utakwenda wapi.

## Dirishani, siku ya kuchukua viza

Usiiweke pasipoti mfukoni ukakimbilia stendi ya Mbezi kuwahi basi la Tanga. Simama palepale, ifungue ukurasa wa viza, na usome: aina ya viza, jina lako herufi kwa herufi, namba ya pasipoti, tarehe ya mwisho ya kuingia, idadi ya kuingia. Mwalimu mmoja wa Duga alifika nyumbani saa tatu usiku, mamaye ameshapika pilau la kumuaga, ndipo akaona Z yake imeandikwa namba ya pasipoti yenye tarakimu moja ya ziada. Kesho yake alfajiri alikuwa Kange tena.